UZI: Alice Coachman, dhahabu ya London 1948 na mita 1.68 zilizovukwa jaribio la kwanza

Fito na Nguzo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Olimpiki ikikaribia, picha ya Alice Coachman huzungushwa mitandaoni na maelezo ya mstari mmoja: mwanamke mweusi wa kwanza duniani kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Ni kweli kabisa. Ila kwa mtu wa riadha mstari huo haushibishi. Aliruka kwa staili gani? Alimshindaje mpinzani aliyevuka kimo kilekile? Na kwa nini dhahabu yake ilimfikia akiwa na miaka 24, wakati ubingwa wa taifa aliuchukua akiwa na 15?

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1923 mjini Albany, jimbo la Georgia, mtoto wa tano kati ya kumi. Georgia ya enzi hizo viwanja vizuri vilikuwa vya weupe, basi. Mazoezi aliyafanyia barabara za vumbi, pekupeku, na ufito wake ulikuwa kamba au matambara yaliyofungwa pamoja, chochote kilichoweza kutandazwa kati ya vitu viwili. Nyumbani baba hakutaka kusikia habari za binti kurukaruka. Aliyemtia moyo ni mwalimu wake wa darasa la tano, Cora Bailey, na alipofika Madison High School kocha wa wavulana, Harry Lash, akamwona na kumchukua.

Mwaka 1939 chuo cha Tuskegee cha Alabama wakamwita. Hata masomo hajaanza, akaenda nao kwenye mashindano ya taifa ya chama cha riadha cha ridhaa, AAU, akaruka pekupeku na kubeba ubingwa wa kuruka juu. Ubingwa huo hakuuachia tena: 1939, 1940, 1941, mpaka 1948. Miaka kumi mfululizo kwenye mashindano ya nje (uwanja wa wazi).

Sasa London. Fainali ilikuwa tarehe 7 Agosti 1948, uwanja wa Wembley. Ufito ulipowekwa mita 1.68 (futi 5, inchi 6 na moja ya nane) walibaki wawili: Coachman na Mwingereza Dorothy Tyler. Coachman akavuka jaribio la kwanza. Tyler akakosa, akarudi, akavuka jaribio la pili. Ufito ukapandishwa mita 1.70, wote wawili wakashindwa. Vimo sawa, rekodi mpya ya Olimpiki kwa wote, lakini dhahabu ni ya aliyevuka mapema. Mfalme George wa Sita ndiye aliyemkabidhi medali.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki: dhahabu ile ilitokana na nidhamu ya jaribio la kwanza kuliko urefu wa mruko. Wenye hoja karibuni.

Jongoo Mwendokasi

Mkuu, ufafanuzi kidogo. Sehemu moja nasoma ana mataji 25 ya taifa, kwingine 34. Tushike lipi?

Daftari la Rekodi

Shika 25, kwa sababu yanahesabika moja moja. Mashindano ya nje ya AAU: kuruka juu 10 (1939 hadi 1948), mita 50 mara 5 (1943 hadi 1947), mita 100 mara 3 (1942, 1945, 1946), kupokezana vijiti mita 4x100 na Tuskegee mara 2 (1941 na 1942). Hapo ni 20. Mashindano ya ndani (ukumbini): kuruka juu mara 3 (1941, 1945, 1946) na mita 50 mara 2 (1945 na 1946). Jumla 25.

Ukiona 34, ujue hesabu imechanganya na mataji mengine. Hata mpira wa kikapu alicheza, mlinzi wa timu ya Tuskegee iliyobeba ubingwa wa kanda mara tatu.

Na zile mbio fupi msizipite juujuu. Aliyekuwa akitawala mbio fupi za wanawake Marekani ni Stella Walsh, raia wa Poland aliyekulia Cleveland, bingwa wa Olimpiki wa mita 100 wa 1932. Coachman alimpiga huyo kwenye mita 100 ya AAU. Mrukaji wa juu anayemshinda bingwa wa Olimpiki wa mita 100 ni kiumbe adimu sana.

Bwana Kisahani

Naomba nichokoze. Dhahabu ya London ilikuwa nyepesi. Rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa mita 1.71, na mwenye rekodi, Fanny Blankers-Koen wa Uholanzi, alikuwa palepale London lakini hakuruka. Paka hayupo, panya wametawala.

Daftari la Rekodi

Mkuu, hakuruka kwa sababu kanuni ilimbana. Mwaka 1948 mwanamke aliruhusiwa kushiriki michezo mitatu tu ya mtu mmoja mmoja, vijiti kando. Blankers-Koen alikuwa na rekodi za dunia za kuruka juu na kuruka chini, lakini akachagua mita 100, mita 200 na mita 80 viunzi, akashinda zote, akaongeza vijiti. Dhahabu nne. Hata kuruka chini ilishindwa na Mhungaria Olga Gyarmati kwa mita 5.69, wakati rekodi ya Mholanzi ilikuwa 6.25. Huko ndiko unakoweza kusema alipokosekana pengo lilionekana. Kwenye kuruka juu, sentimita 3 si pengo la kutangazia ushindi kabla ya mchezo, hasa ukikumbuka ile 1.71 iliwekwa Amsterdam mwaka 1943, miaka mitano nyuma.

Halafu huyo Tyler unamwona mwepesi? Msome vizuri. Berlin 1936, akiitwa Dorothy Odam, ana miaka 16, alivuka mita 1.60 sawa na Ibolya Csák wa Hungaria na Elfriede Kaun wa Ujerumani. Wakarushwa tena kwa kimo cha 1.62, Csák akavuka, akachukua dhahabu. Mwaka 1939 Odam akaruka mita 1.66, rekodi ya dunia. Ilimchukua muda kutambuliwa, maana vitabuni kulikuwa na mita 1.70 ya Dora Ratjen wa Ujerumani, ambaye baadaye ilibainika ni mwanamume, rekodi ikafutwa. Amekuja London akiwa na miaka 28, mama wa watoto wawili, na bado akavuka 1.68.

Fito na Nguzo

Na hapo ndipo uchungu wa Tyler ulipo. Medali mbili za fedha, miaka 12 katikati, na mara zote mbili amevuka kimo kilekile alichovuka mshindi. Berlin wangehesabu makosa kama London, dhahabu ilikuwa yake. London wangerushwa tena kama Berlin, angepata nafasi nyingine dhidi ya Coachman. Kanuni ilibadilika katikati, na ikamkuta upande mbaya mara mbili.

Jongoo Mwendokasi

Hiyo kanuni ya kuhesabu makosa ikoje leo? Maana Tokyo tuliona wawili wanagawana dhahabu.

Mwamuzi wa Miruko

Hatua ni hizi, kwa mpangilio.

Kwanza unatazama kimo cha mwisho walichovuka wote waliolingana. Aliyekosa mara chache kwenye kimo hicho yuko juu. London iliishia hapa: Coachman kosa sifuri kwenye 1.68, Tyler kosa moja.

Pili, wakiwa sawa bado, unajumlisha makosa yote tangu mwanzo wa shindano hadi kimo hicho. Mwenye machache yuko juu. Makosa ya vimo walivyoshindwa mwishoni hayahesabiwi.

Tatu, kama ni nafasi ya kwanza na bado wako sawa, wanarushwa tena: jaribio moja moja, kuanzia kimo kinachofuata baada ya kile cha mwisho walichovuka. Wote wakishindwa ufito unashushwa, wote wakivuka unapandishwa, mpaka mmoja abaki. Wanaweza pia kukataa kuendelea, na ndivyo Barshim wa Qatar na Tamberi wa Italia walivyofanya Tokyo baada ya kulingana kwenye mita 2.37. Kwa nafasi ya pili kushuka chini hakuna kurushwa tena, wanagawana.

Makocha wetu wengi wanasahau maana yake kivitendo. Mwanariadha anayevuka vimo vidogo kwa jaribio la pili au la tatu anabeba deni mpaka mwisho. Anayepoteza majaribio kwenye kimo alichokizoea, mara nyingi kosa ni alama ya kuanzia kukimbia: hakuipima upya baada ya kupasha misuli, au upepo umegeuka. Pima kwa nyayo zako, weka alama mbili, moja pa kuanzia na moja katikati, na uzihakiki kabla ya kimo cha kwanza. Kwa kanuni hii jaribio la kwanza ni mtaji.

Mwalimu Sanduku la Mchanga

Tumefika kwenye staili, ngoja niingie, kwa sababu watu huitazama 1.68 kwa macho ya leo wakacheka.

Kumbukeni alikuwa anatua wapi. Olimpiki za wakati ule mrukaji alitua kwenye mchanga. Godoro nene la sponji limekuja baadaye, na ndilo lililomwezesha Dick Fosbury kuvuka kwa mgongo Mexico 1968. Mbele ya mchanga huna ruhusa ya kutua kwa shingo, kwa hiyo staili zote za enzi ile zilijengwa kuanzia kwenye kutua: utue kwa miguu, au kwa mguu na mikono.

Staili ya mkasi: unakimbia kwa pembe ukiwa ubavuni mwa ufito, unarukia mguu ulio mbali na ufito, mguu wa karibu unatangulia kunyooka juu, wa pili unafuata, unatua wima. Ni salama, lakini ghali. Kiwiliwili kinapita kimekaa, hivyo kitovu cha uzito lazima kipite juu sana ya ufito, takriban sentimita 25 hadi 30. Yaani ukivuka 1.68 kwa mkasi mtupu, kitovu hicho kimefika karibu na mita mbili kutoka ardhini.

Staili ya kujiviringisha, ambayo Mmarekani George Horine wa California aliipa umaarufu mwaka 1912, ni kinyume: unarukia mguu ulio karibu na ufito, wa mbali unapigwa juu, mwili unalala ubavu sambamba na ufito, ule mguu wa kurukia unakunjwa chini ya mwili, na unatua kwa mguu huohuo pamoja na mikono. Unaokoa sentimita kadhaa.

Coachman alichanganya: mruko wa kunyooka wa kujifunzia mwenyewe barabarani na kujiviringisha. Wanaotazama filamu za zamani huona mwili haujalala sawasawa kama wa mtu aliyefundishwa tangu utotoni, na ndiyo maana naamini alikuwa na sentimita kadhaa zaidi mwilini ambazo staili haikuzitoa. Hiyo ni hukumu yangu, kila mtu na jicho lake.

Tena kulikuwa na kitanzi cha kanuni. Zamani kichwa hakikuruhusiwa kutangulia ufito, ilihesabiwa kupiga mbizi. Los Angeles 1932 Wamarekani wawili, Babe Didrikson na Jean Shiley, walilingana, na mruko wa Didrikson ukahukumiwa kuwa ni mbizi, dhahabu ikaenda kwa Shiley. Warukaji wa kizazi kile walikua wakijua kwamba ubunifu mwingi unaweza kukunyima medali.

Bwana Kisahani

Nakubali kwenye mchanga. Na hilo la pekupeku ni kweli au ni chumvi ya waandishi?

Mwalimu Sanduku la Mchanga

Ni kweli, 1939 aliruka hivyo. Mtu akisikia pekupeku anafikiria uchungu wa vidole, kumbe shida iko kisiginoni. Hatua ya mwisho kabla ya kupaa, mrukaji anaegemea nyuma kidogo na kuubamiza mguu chini kwa kutanguliza kisigino, ili kasi ya mbele igeuzwe kuwa ya juu. Mzigo wote wa mwili unapita hapo mara moja. Ndiyo maana kiatu cha kuruka juu kina misumari mpaka kisiginoni, tofauti na cha mbio fupi chenye misumari mbele tu. Bila kiatu kwenye ardhi ngumu, kisigino kinavilia damu ndani, mrukaji anaanza kuogopa hatua ya mwisho, anaifupisha, na nguvu yote inapotea. Aliyeweza kuruka hivyo bila kuogopa alikuwa na kifundo na wayo wa chuma.

Binti Tufe

Mnazungumza kama alianzia hewani. Kabla yake kuna Tidye Pickett wa Chicago na Louise Stokes wa Malden, Massachusetts, na bila wao picha haikamiliki.

Mwaka 1932 wote wawili waliingia kikosi cha vijiti cha Marekani kwenda Los Angeles. Njiani, pale Denver, walitengwa na wenzao kwenye chumba cha darini na chakula wakaletewa hukohuko. Kwenye treni Babe Didrikson aliwamwagia maji ya barafu. Walipofika, nafasi zao walipewa weupe, timu ikashinda dhahabu wao wakiwa watazamaji. Berlin 1936 walienda tena. Stokes hakukimbizwa kabisa. Pickett aliingia nusu fainali ya mita 80 viunzi, akagonga kiunzi na kuvunjika mguu. Huyo ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza mwanamke kushindana kwenye Olimpiki, na habari zake zikaishia kwenye mguu uliovunjika.

Na mwingine: watu hukosea kuandika kwamba Coachman ndiye wa kwanza kupata MEDALI. Siku moja kabla yake, tarehe 6 Agosti 1948, Audrey Patterson alipata shaba ya mita 200. Wa kwanza kwa medali ni Patterson, wa kwanza kwa dhahabu ni Coachman.

Daftari la Rekodi

Sahihi. Na hiyo shaba ina kesi yake: mwaka 1975 picha ya mstari wa kumalizia ilichunguzwa upya, ikaonekana Shirley Strickland wa Australia ndiye aliyekuwa wa tatu. Matokeo rasmi hayakubadilishwa. Patterson yumo vitabuni.

Mbali na hao wawili hakuna mwanariadha mwingine wa kike wa Marekani aliyepata medali ya riadha London. Dhahabu moja, shaba moja, basi.

Jongoo Mwendokasi

Turudi kwenye swali la mwanzisha uzi. Miaka 15 bingwa wa taifa, 24 bingwa wa Olimpiki. Vita vilimnyang'anya kiasi gani?

Fito na Nguzo

Olimpiki mbili. Ya 1940 na ya 1944, zote zilifutwa kwa vita. Angekuwa na miaka 16 na 20. Ile ya 1940 siwezi kumpa dhahabu ya mezani, ila 1944 ndiyo inayouma: kati ya 1943 na 1946 alikuwa anabeba kuruka juu na mita 50 kila mwaka, na mita 100 mara mbili kati ya hiyo minne. Kwa kiwango kile angeweza kuingia kuruka juu, mita 100 na vijiti. London aliingia mchezo mmoja, mgongo unamsumbua, na baada ya hapo akaacha riadha moja kwa moja. Yaani tuliyemwona Wembley alikuwa Coachman wa mwishoni.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Aliyekuwa bingwa wa taifa wa Marekani kabla yake, 1937 na 1938, ni Gretel Bergmann, yule Myahudi wa Ujerumani aliyeruka mita 1.60 mwaka 1936 akalingana na rekodi ya Ujerumani, kisha akaondolewa kwenye timu ya Berlin wiki chache kabla ya michezo. Mita 1.60 ndicho kimo kilichotoa medali zote tatu pale Berlin! Akahamia Marekani, akachukua ubingwa mara mbili, kisha 1939 binti wa miaka 15 kutoka Albany akaupokea. Waliofuatana kwenye orodha ile, mmoja alifukuzwa kwao kwa dini yake, mwingine alizuiwa viwanja vya kwao kwa rangi yake.

Binti Tufe

Mtu azungumzie Tuskegee. Mnaitaja kama kituo cha basi.

Daftari la Rekodi

Tuskegee ilikuwa mtambo. Aliyeujenga ni Cleveland Abbott. Alianzisha mashindano ya Tuskegee Relays mwaka 1927 na mnamo 1929 akaingiza michezo ya wanawake, wakati vyuo vingi vya weupe vilikuwa vinaamini kwamba mbio zinaharibu maungo ya mwanamke. Vyuo hivyo vilipowaondoa wasichana viwanjani, vyuo vya weusi vikabaki karibu peke yao. Kuanzia 1937 wasichana wa Tuskegee wakawa mabingwa wa timu wa taifa, tena kwa mfululizo.

Namna ilivyofanya kazi ni rahisi kueleza. Abbott aliwaalika wanafunzi wa sekondari kwenye Relays, akawaona wenye kipaji wakiwa wadogo, akawaingiza shule ya maandalizi iliyokuwa palepale chuoni. Mtoto analelewa na timu tangu sekondari hadi chuo. Na udhamini wake haukuwa fedha mkononi, ulikuwa kazi: Coachman alisafisha na kutunza majengo ya michezo na kushona jezi zilizochanika. Alimaliza stashahada ya ushonaji mwaka 1946, akarudi kwao Albany State College, akamaliza shahada ya sayansi kimu mwaka 1949. Maana yake London alienda akiwa bado mwanafunzi, chini ya kanuni za ridhaa ambazo hazikumruhusu kupokea hata senti kwa kuruka.

Bwana Kisahani

Na aliporudi na dhahabu? Nchi ya ubaguzi ilimpokeaje?

Binti Tufe

Nusu kwa nusu. Rais Truman alimpokea Ikulu, mwanamuziki wa jazi Count Basie akamfanyia sherehe. Msafara wa magari ukatoka Atlanta mpaka Albany, zaidi ya kilomita 280, watu wamejipanga kando ya barabara, weusi na weupe.

Alipoingia ukumbini Albany kwenye hafla ya kumpongeza yeye mwenyewe, viti vilikuwa vimegawanywa: weupe upande wao, weusi upande wao. Meya alikaa naye jukwaani na hakumpa mkono. Hafla ilipokwisha bingwa wa Olimpiki akatokea mlango wa pembeni.

Mwaka 1952 Coca-Cola wakamfanya sura ya matangazo yao, na anatajwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kutangaza bidhaa ya kimataifa. Mabango yake na ya Jesse Owens, bingwa wa mbio wa Berlin 1936, yaliwekwa barabarani. Maisha yake mengine alikuwa mwalimu na kocha. Mwaka 1975 akaingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa riadha wa Marekani, na 2004 ule wa Olimpiki. Alifariki tarehe 14 Julai 2014 mjini Albany, ana miaka 90. Huko sasa kuna shule yenye jina lake.

Kocha wa Mtaa wa Pili

Nimesoma uzi wote. Swali la kikazi kwa Mwalimu Sanduku la Mchanga: shule isiyo na godoro, wasichana wa darasa la sita na la saba, wafundishwe kuruka juu kwa namna gani bila kuvunjana shingo?

Mwalimu Sanduku la Mchanga

Mkasi, mkuu, na mkasi tu. Kuruka kwa mgongo mchangani ni marufuku, hata kama mtoto ameona kwenye simu na anakuhakikishia anaweza.

Shimo: mita 4 kwa 3 linatosha, mchanga kina cha sentimita 40 usio na mawe. Utifue kwa jembe au reki kabla ya kipindi na kila baada ya miruko kumi hivi. Mchanga ulioshindiliwa ni sawa na sakafu, na magoti ndiyo yanayolipa. Ukiweza kuurundika upande wa kutua ukawa juu ya usawa wa ardhi kwa sentimita 30, bora zaidi.

Ufito: usianze na mti wala bomba. Funga mpira wa nguo (lastiki) kati ya nguzo mbili, mita 3 kutoka nguzo hadi nguzo, na uning'inize vitambaa vyeupe uonekane. Mtoto akiugusa unavutika, hapati hofu. Ufito halisi wa mashindano ni mita 4 na hauzidi kilo 2. Mwanzi mwepesi unakaribia hapo, ila uje baada ya wiki kadhaa.

Mkimbio: hatua tano, kwa pembe ya digrii 30 hadi 45, mstari mnyoofu. Wa mguu wa kushoto wa kurukia anatokea kulia kwa ufito, wa kulia anatokea kushoto. Mahali pa kurukia: asimame sambamba na ufito, anyooshe mkono, vidole viuguse. Hapo ndipo mguu unapopigwa.

Anza sentimita 70. Panda kwa 5, wakifika wanapohangaika panda kwa 2 au 3. Kila mtoto majaribio matatu, na uandike makosa yao tangu siku ya kwanza, ili waelewe kwamba jaribio la kwanza lina thamani kuliko la tatu.

Makosa utakayoyaona sana ni mawili. La kwanza ni kukimbilia ufito mpaka chini yake, mtoto anaugonga akiwa anapanda; rudisha alama yake ya kuanzia nusu hatua. La pili ni kukalia hatua ya mwisho, goti limekunjika sana, kasi inafia chini. Dawa yake si kumpigia kelele, punguza ufito sentimita 20 na umwambie aongeze haraka ya hatua mbili za mwisho. Yupo pia yule anayegeuka kuutazama ufito kabla hajapaa, akaangukia juu yake; mpe kitu cha kutazama ng'ambo ya shimo, juu.

Kocha wa Mtaa wa Pili

Nimenakili yote. Na hiyo 1.68 ya Coachman ilidumu mpaka lini?

Daftari la Rekodi

Miaka minane. Helsinki 1952 dhahabu ilipatikana kwa mita 1.67, Esther Brand wa Afrika Kusini, yaani mruko wa Coachman wa London ungeshinda hata hapo. Ilivunjwa Melbourne 1956: Mildred McDaniel, mita 1.76, rekodi ya Olimpiki na ya dunia kwa pamoja. Naye ni mweusi wa Georgia, mzaliwa wa Atlanta, na chuo chake ni Tuskegee.